Mwaka Aliosimama Mukhwana

Kipngeno alihesabu kwa sauti, na hilo ndilo lililomuudhi Nelima kuliko maumivu yenyewe. Angehesabu moyoni, au angeandika kimyakimya kwenye ile karatasi yake, isingekuwa neno. Lakini afisa huyu wa usalama wa kiwanda alipenda mambo yake yafanyike hadharani. Asubuhi hiyo aliwapanga wafanyakazi sita ukutani, nje ya ghala la mbegu: wapakiaji watano, vijana wenye migongo mipana kama milango, na Nelima mwishoni. Kila mmoja alitakiwa asimame kwa mguu mmoja, aguse ukuta kwa ncha za vidole asije akapepesuka, halafu ainue kisigino na kukishusha, ainue na kukishusha, mpaka mara ishirini na tano. Kisha mguu wa pili.

Wapakiaji walimaliza huku wakipiga soga. Zamu ya Nelima ilipofika, mguu wa kulia ulienda vizuri mpaka kumi na mbili, ukaanza kuwaka moto kwenye shavu la mguu, na ulipofika kumi na saba ukagoma.

"Kumi na saba," Kipngeno alitangaza. "Na nusu. Nusu sihesabu, mama."

Mpakiaji mmoja akacheka puani. Nelima akabadilisha mguu bila kuambiwa. Wa kushoto, ambao haujawahi kupata hata mchubuko, ulifika kumi na nane nao ukachoka. Hapo yeye mwenyewe alishangaa, ila hakuonyesha. Alikaza kitambaa chake cha kichwa, akasimama wima akisubiri kuambiwa.

Nelima si mtu wa kulialia. Kwa miaka ishirini na miwili amesimama mbele ya mashine ya kushona midomo ya magunia ya mbegu, ile inayoendeshwa kwa kanyagio la mguu wa kulia, na kama kuna mkulima wa Trans-Nzoia aliyewahi kupasukiwa na gunia njiani, basi gunia hilo halikupita mikononi mwake. Miezi mitano iliyopita mkokoteni uliojaa mahindi ulimponyoka mwenye kuusukuma, ukaja kumgonga nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino. Alishonwa, akafungwa plasta, akatembea kwa magongo, na mwishowe magongo akayatupa juu ya dari. Sasa alitaka kanyagio lake, basi.

Alimuuliza Kipngeno, kwa adabu, hiyo ishirini na tano ilitoka wapi.

"Ndio kipimo," alijibu. "Kule kambini nilikuwa nafanya mazoezi ya mbio, kocha alitupima hivyo. Mtu mzima mwenye afya anafanya ishirini na tano."

"Na huko kambini mlikuwa na wamama wangapi?"

Wapakiaji wakacheka tena, safari hii wakiwa upande wake. Kipngeno hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na miaka thelathini na miwili na miguu ya mkimbiaji, na haikuwahi kumpitia akilini kwamba duniani kuna miguu ya namna nyingine. Alikuna kichwa, akasema sheria ni moja kwa wote, na hiyo ndiyo haki yenyewe. Ila kwa kuwa anamheshimu, atampa wiki mbili alete barua ya fizio, mtaalamu wa viungo. Barua ikisema mguu umepona, atarudi kazini. Isiposema, ofisi itaandika kwamba hafai, na habari yake itaishia hapo.

*

Nyumbani Kibomet, mumewe Walubengo alikuwa amepindua baiskeli ya mteja mlangoni akiziba panchari. Alisikiliza yote, kisha akasema yale ambayo waume husema wakikosa la kusema: apumzike tu, amefanya kazi ya kutosha, watakula sukuma wiki na maisha yataendelea. Nelima alimuuliza kama hiyo sukuma wiki ndiyo itakayompeleka binti yao Linah chuoni mwaka uliobaki. Walubengo akarudia baiskeli yake.

"Lakini mimi nashangaa kitu moja," alisema baadaye, akifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi. "Ati hata mguu mzima umeshindwa? Mguu wa mwanamke wa miaka arobaini na tisa?"

Alitamka hiyo arobaini na tisa kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo asiloliamini. Kitambulisho cha Nelima kilisema alizaliwa mwaka 1976. Kilisema hivyo kwa sababu siku ya kuandikishwa, katika uwanja wa shule, karani alimuuliza mwaka wake wa kuzaliwa naye akajibu kwamba hakuna mahali ulipoandikwa. Karani akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akaona kijimwili chembamba, akaandika alichotaka. Alimwambia bado ni msichana. Msichana mwenyewe alikuwa ameacha watoto wawili nyumbani. Nelima alicheka, akafurahi kidogo, nani asingefurahi, akaenda zake. Miaka ikapita, kiwanda kikatangaza kwamba kinatafuta wanawake wasiozidi miaka thelathini, na kitambulisho kikawa kinasema ishirini na saba. Hakuwa mtu wa kubishana na karatasi ya serikali.

Umri wake wa kweli aliujua, au alidhani anaujua, na alikuwa ameuficha hata kwa mumewe. Mama yake alipokuwa hai alizoea kumwambia: siku kaka yako Mukhwana anatahiriwa, wewe ulikuwa mgongoni mwangu, una miezi mitatu, ukanyamaza muda wote kama mtu anayeelewa. Na Mukhwana, kijiji chao chote cha Mabanga kilijua, ni wa jando la mwaka wa sitini na nne, mwaka uliofuata Uhuru. Yeye mwenyewe hakumpa mtu nafasi ya kusahau. Nelima alishapiga hesabu hiyo kwa vidole mara nyingi, na kila mara ikatoka sitini na moja.

Sitini na moja ilimwogopesha kwa mambo mawili. La kwanza, pale kiwandani mtu akifika sitini hupewa mkono wa kwaheri siku hiyo hiyo. La pili, Walubengo alikuwa na hamsini na nane, na siku ya kuoa alijigamba mbele ya wazee kwamba amepata msichana mdogo.

*

Fizio aliitwa Jeruto, binti mfupi mwenye mikono midogo na maneno machache, na chumba chake kilikuwa juu ya duka la dawa katikati ya Kitale. Alimlaza Nelima kitandani, akashika kidude kinachoenea kiganjani chenye kioo cha namba, akakiegemeza chini ya unyayo karibu na vidole, akamwambia asukume kama anayekanyaga.

Nelima alikanyaga alivyozoea kukanyaga. Jeruto akarudi kinyumenyume na kiti chake cha magurudumu mpaka ukutani.

Walicheka wote wawili, na hofu ikamtoka Nelima. Jeruto alimweleza kwamba hiyo ndiyo taabu ya kupima mguu kwa mikono. Anayepimwa akiwa na nguvu kuliko anayepima, namba inayoonekana ni ya nguvu za mpimaji. Kuna wengine hushika mguu kwa mkono, wakishindwa kuukunja wanaandika kwamba uko sawa, kumbe labda ni wao walio wanyonge. Alichukua mkanda mnene, akakifunga kile kidude kwenye chuma cha kitanda, ili safari hii Nelima ashindane na kitanda. Kisha akamsimamisha ainue visigino. Hakuhesabu kwa sauti. Alikuwa na kitu mfukoni anachokibonyeza kila kisigino kinapopanda, na Nelima alimpenda kwa hilo tu.

Kulia kumi na saba. Kushoto kumi na nane.

Ukutani palikuwa na jedwali. Jeruto alilisogelea.

"Hii ishirini na tano watu wameizoea sana," alisema. "Lakini angalia, mama. Wanaume wako na safu yao, wanawake yao. Na kila miaka kumi namba inashuka. Sio ugonjwa. Ni mwili tu unaenda na umri."

Aliweka kidole kwenye wanawake wa miaka arobaini na kitu. Pale, kwa jedwali lake, namba ilianzia ishirini na mbili. Kumi na saba ilikuwa mbali. Nelima aliona wiki mbili zake zikiisha palepale. Lakini Jeruto hakuondoa kidole.

"Kuna kitu inanisumbua. Mguu wako wa kushoto haukuumia, si ndiyo? Na huo pia haufiki. Huu wa kulia umeshafikia mwenzake, umebakisha moja, na hata kwa mashine wako sawasawa. Mimi naona huu mguu umepona. Shida ni safu nimekuweka." Alishusha kidole kwenye wanawake wa hamsini na kitu, safu iliyoanzia kumi na sita. "Hapa ungekuwa umepita." Akakishusha tena, kwa wa sitini. "Hapa ungepita na maksi ya juu." Akageuka. "Mama, hii kitambulisho yako inasema ukweli?"

Nelima alihisi aibu ya mtu aliyefunguliwa mlango akiwa anaoga. Alijifanya kucheka, akauliza kama siku hizi miguu ndiyo inayotaja umri wa watu. Jeruto alijibu kwa upole kwamba hapana, jedwali ni wastani tu wa watu wengi, na ana bibi yake wa miaka sabini anayemshinda yeye kupanda mlima. Mguu hauwezi kuapa, alisema, mtu ndiye anayeapa. Basi kama kuna mtu anayejua lini Nelima alizaliwa, aape mbele ya wakili na kuwe na barua ya chifu, naye ataandika kwa safu inayomhusu. La sivyo, ataandika kwa umri wa kitambulisho, na kwa umri huo hajafika.

Nelima alishuka ngazi polepole. Akibaki arobaini na tisa, hafai. Akisema sitini na moja, anafaa sana, ila aende nyumbani. Pale katikati palikuwa na ile safu ya hamsini, tupu, kama kiti ambacho hakuna mtu. Kufikia ngazi ya mwisho alikuwa amejichagulia umri jinsi mtu anavyochagua leso sokoni. Hamsini na nane ingemtosha. Ingekuwa sawa na ya Walubengo, asiwe mkubwa wala mdogo kwake.

*

Mukhwana alikuwa akigeuza mahindi juani aliposikia dada yake akibisha langoni. Alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mrefu, aliyenyooka, mwenye bakora ambayo hakuihitaji. Mabanga palimheshimu. Kwenye matanga, kwenye mahari, kwenye vikao vya kutatua ugomvi wa mipaka, wanaume wa kule hukaa kwa mwaka wao wa jando, na yeye wa sitini na nne alikaa mbele ya wote waliobaki hai. Hata Barasa, mzee wa kijiji mwenye muhuri wake, aliyetahiriwa sitini na sita, huinuka Mukhwana anapoingia na kumpisha kiti chenye mgongo.

Nelima hakuzunguka. Alimweleza habari ya kisigino, ya jedwali, ya wiki mbili ambazo sasa zilikuwa zimebaki siku tisa. Kisha akamwomba aende naye kwa wakili Bungoma, aape kwamba yeye Nelima alizaliwa sitini na saba.

"Unataka mimi, mzee wa kanisa, niape uongo?"

"Miaka tatu tu, yaya," alisema Nelima. Alimwita yaya, kama wanavyoitana ndugu wa tumbo moja huko kwao, na alijua anamwita hivyo ili kumlainisha.

Mukhwana aliinuka, akaenda mpaka kwa ng'ombe, akasimama akimpa mgongo. Nelima alijuta. Alijua amemvunjia kaka yake heshima, tena katika uwanja wake mwenyewe, na akaanza kukusanya mkoba wake aondoke. Mukhwana akarudi, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Nani alikuambia wewe ni wa sitini na nne?"

"Si ni wewe. Na mama si alisema nilikuwa mgongoni siku yako."

"Mama hakudanganya. Ulikuwa mgongoni. Uongo ni wangu."

Alisimulia akitazama mahindi. Wakati ule jamaa yao ilikuwa ikiishi Lwakhakha, karibu na mpaka wa Uganda. Mwaka uliofuata Uhuru alikuwa mvulana wa miaka kumi na mitatu, na yeye mwenyewe ndiye aliyemsumbua baba mpaka akakubali. Alizunguka na njuga kwa mashangazi na wajomba, akaimbiwa, ng'ombe akachinjwa. Alfajiri wakampeleka mtoni kumpaka tope. Na pale mtoni, maji yakiwa magotini, miguu ikaanza kutetemeka. Aliiamuru itulie, ikakataa. Aliona wazi kwamba itamwaibisha mbele ya watu wote, atakapotakiwa asimame mbele ya kisu bila kupepesa jicho, basi akaichagulia kazi nyingine na kukimbia. Alipita katikati ya mahindi na tope lake mwilini, akaenda hadi Kitale, akachunga ng'ombe kwenye shamba la mzungu miaka minne. Baba hakulitaja jina lake miaka yote minne.

"Sitini na nane nikarudi. Hakuna mtu aliniita. Nilimwambia baba, niko tayari. Mama alikuwa na wewe mgongoni." Aliokota punje ya mahindi, akairudisha juani. "Nilisimama, Nelima. Hata kope haikucheza. Lakini nani angesikia hiyo, wakati kila mtu anakumbuka ile nilikimbia? Ndio maana baba alituhamisha huku. Na ni yeye alianza kuambia watu huku kwamba mimi ni wa sitini na nne. Mimi niliendelea tu."

Nelima alihesabu kwa vidole akiwa ameficha mkono ndani ya mfuko wa sweta. Hamsini na saba. Furaha ndiyo iliyotangulia, afadhali tuseme ukweli, kwa maana amerudishiwa miaka minne aliyodhani ameshaimaliza. Aibu ikafuata, kwa sababu kaka yake alikuwa amekaa mbele yake akiwa ameinamisha kichwa, jambo ambalo hakuwa amewahi kuliona.

Kisha wote wawili wakafikia mahali pamoja kwa wakati mmoja. Chifu haandiki barua ya umri bila sahihi ya mzee wa kijiji. Na mzee wa kijiji ni Barasa.

"Wacha," alisema Nelima. "Nitatafuta njia ingine. Mimi sikuja kukuharibia."

Mukhwana aliunyooshea bakora mguu wa kulia wa Nelima, pale kovu lilipotokeza chini ya sketi. Alimuuliza amesimama kwa mguu huo miaka mingapi kwenye hiyo mashine. Nelima akamjibu. Mukhwana akaingia ndani, na alipotoka alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

*

Barasa aliwaona wakiingia, akainuka kama desturi yake, akakisukuma mbele kile kiti chenye mgongo. Mkewe alikuwa anamimina chai. Mukhwana hakukaa.

"Barasa, kaa. Hicho kiti ni chako."

Barasa alidhani ni utani, akacheka, akazidi kukisukuma. Mukhwana akasema yote akiwa wima, bila kupunguza wala kupamba, mtoni, shamba la mzungu, na mwaka wa sitini na nane. Nelima alitazama miguu ya kaka yake chini ya suruali iliyopigwa pasi. Haikutetemeka. Alitamani mama yao angekuwepo aione, na machozi yakamjaa, akayaacha.

Mke wa Barasa alikuwa ameacha birika hewani. Barasa alitazama kiti, akamtazama Mukhwana.

"Tangu sabini nimekuwa nikisimama ukiingia."

"Najua."

"Hata kwa harusi ya kijana yangu. Mbele ya bakwe, wazazi wa bibi arusi."

"Najua, bana. Ndio nimekuja mwenyewe."

Barasa alikuwa na haki ya kukasirika na kila mtu pale alijua. Angeweza kumfukuza, angeweza kucheka, na kabla jua halijatua Mabanga yote ingekuwa inacheka naye. Badala yake alikaa kwenye kile kiti chake, taratibu, akauegemea mgongo wake, akajisogeza upande huu na upande ule kama mtu aliyekileta kutoka kwa fundi asubuhi hiyo.

"Mimi ile siku yangu nilijikojolea kidogo," alisema mwishowe. "Kwa sababu ya tope hakuna mtu aliona."

Mkewe akageuza uso haraka, mabega yakamchezacheza. Barasa akaomba kalamu. Aliandika barua kwa herufi kubwa, akapiga muhuri, akapuliza wino ukauke. Alisema yeye hatatangaza jambo hili kwa mtu. Lakini pia hatainuka tena, na watu wana macho, watauliza. Mukhwana akamwambia wakiuliza awaambie.

Kesho yake, baada ya kupitia kwa chifu, walikuwa mjini Bungoma kwa wakili, mwanamke mwenye haraka aliyeandika kiapo bila kujua kimetoka wapi: kwamba mimi, Mukhwana, nilitahiriwa mwezi wa nane mwaka 1968, na kwamba dada yangu aliyetajwa hapo juu alikuwa na umri wa takriban miezi mitatu. Alimsomea kwa sauti kubwa mlango ukiwa wazi. Watu watatu walikuwa kwenye benchi nje. Mukhwana alitia sahihi, kila herufi mahali pake, akauliza kama kuna karatasi nyingine. Kutoka hapo Nelima alipeleka kiapo na barua ya chifu kwenye ofisi ya vitambulisho, akapewa kikaratasi cha kusubiri.

*

Habari ya hamsini na saba Walubengo aliipokea akiwa na gurudumu la mteja mkononi. Aliendelea kukaza spoki. Halafu akainua kichwa.

"Kwa hivyo mimi ndio mkubwa?"

"Kwa mwaka mmoja."

"Nilijua," alisema, ingawa hakuwa amejua lolote, na siku nzima alipiga mluzi.

Jeruto alipima upya, maana hakuwa mtu wa kuandika kwa kukumbuka. Ilikuwa kumi na nane kwa kumi na nane. Aliandika barua fupi: kwamba kwa mwanamke wa umri wake miguu yote miwili imefikia kiwango, kwamba mguu ulioumia unalingana na usioumia, na kwamba anaweza kurudi kwenye kanyagio. Aliambatisha nakala ya jedwali bila kuombwa.

Kiwandani, ofisi ilinung'unika juu ya mabadiliko ya mwaka. Karani wa wafanyakazi alifungua faili, akamsomea Nelima kidogo juu ya watu wanaojipunguzia umri, naye Nelima akamjibu kwamba aliyempunguzia ni karani mwenzake. Basi ikaandikwa: miaka mitatu imebaki afike sitini. Kipngeno aliisoma barua akiwa amesimama mlangoni pa ghala, akaisoma tena, akatazama jedwali kwa muda. Kidole chake kilitafuta wanaume wa thelathini na kitu, kikaikuta namba iliyozidi ishirini na tano kwa mbali. Nelima alimwona akitazama miguu yake mwenyewe.

"Huyu ndugu yako aliyeapa," alisema Kipngeno. "Mambo ya miaka karibu sitini. Amejuaje ni mwaka huo?"

Nelima angeweza kumweleza. Hadithi ilikuwa tamu na wapakiaji walikuwa karibu.

"Ni mwaka alisimama," alisema.

Kipngeno alitoka kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na kwao pia wanaume husimama. Alikunja barua, akaitia mfukoni, na hakuuliza tena. Asubuhi iliyofuata jedwali lilikuwa limebandikwa nje ya ghala, na inasemekana Kipngeno mwenyewe alionekana mapema ukutani, mguu mmoja juu, akihesabu bila sauti.

Nelima alirudi kwenye mashine yake. Walikuwa wamemweka mtu mwingine hapo kwa miezi mitano, na uzi ulikuwa umepinda, akaunyoosha. Gunia la kwanza, la pili. Kwenye gunia la arobaini mguu ulianza kuwaka, ule moto wa kawaida wa mguu uliofanya kazi, na akashukuru kuuhisi.

Saa ya chakula simu ikalia. Mukhwana alikuwa ametoka kwenye kikao cha mahari kwa jirani. Nelima alikaa juu ya magunia, akamuuliza imekuwaje.

"Barasa hakuinuka," alisema Mukhwana. "Watu waliuliza, nikawaambia mwenyewe. Wengine walicheka. Nikapewa kiti cha tatu."

"Na unaonaje, yaya?"

Nelima alisikia kuku upande wa pili, na mtu akimwita Mukhwana kwa jina aje anywe chai.

"Kinakalika," alisema. "Wewe niambie. Mguu unasimama?"

Kengele ya kiwanda ikalia. Nelima akainuka, akaukita ule mguu wa kulia sakafuni kwa uzito wake wote.

"Unasimama."